Anayetoa Huonja Kwanza

Moyo wangu una tabia mbaya, na mimi nimechoka kuuombea msamaha. Unaweza kwenda vizuri asubuhi nzima, kwa adabu, kama mtoto aliyetumwa chumvi kwa jirani. Halafu ghafla unaruka, unakimbia, unajikwaa, unanyamaza kidogo ili unitishe, kisha unaanza tena mbio kana kwamba kuna anayeufukuza. Hapo naacha kila kitu, nakaa, naweka mkono kifuani, naugombeza: "Weye, tulia. Nani amekuita?" Hautulii hata siku moja.

Jumamosi ile nilikuwa nimekaa mlangoni kwetu, kule Kasha, mlimani juu ya ziwa, na mashine yangu ya kushona mbele yangu. Kabla ugonjwa haujaniangusha, mlango ule ulikuwa haukosi wanawake. Huyu anataka libaya, blauzi ya kitenge, lenye mikono mipana, yule anataka apunguziwe kiuno kisichopungua, na sote tunacheka mpaka mama anatoka jikoni kuuliza nani ameolewa. Sasa walikuwa wanapita tu barabarani, wananipungia mkono. "Yambo, Adolphine! Uko muzima?" Kwa sauti ile ya chini ya kusalimia wagonjwa, na mguu tayari uko mbele. Hawangoji jibu. Tena siwalaumu. Nani atapeleka nguo ya harusi kwa fundi anayeangukaanguka?

Nilikuwa na nguo moja tu ya kushona, na ilikuwa ya kwangu. Gauni zito la safari. Nililishona bila kujua kama nitasafiri.

Maana kesho yake, Jumapili, baada ya misa ya pili, nilitakiwa kumpa jibu Masœur Séraphine. Huyo ni mtawa mzungu aliyekuwa akitutunza hospitalini. Jumatatu alikuwa anarudi kwao Bulaya kwa likizo, na kule alikuwa amenitafutia madaktari waliokubali kunipasua moyo. Nafasi ilikuwa ni moja, na ilikuwa ni ya safari ile. Nikisema ndiyo, naondoka naye. Nikisema hapana, anampa mwingine.

Munganga, daktari wa hospitali yetu, alikuwa amenieleza bila kuzunguka. "Moyo una milango," alisema, akanionyesha kwa kidole gumba na cha shahada, akavikutanisha mpaka ikabaki nafasi ndogo. "Mmoja wa kwako umebana. Ni ile homa ya utotoni, iliyokuvimbisha magoti. Damu inasongamana pale kama watu kwenye mlango wa kanisa siku ya Pasaka. Ndiyo maana moyo unahangaika. Kule watafungua kifua, watapanua mlango."

"Na nikikataa?"

"Utaishi kwa vidonge, kwa kukaa, kwa kupanda mlima pole pole. Lakini usibebe mimba. Moyo huu hautafika mwisho wa mimba."

"Na nikikubali?"

Alinitazama vizuri. Namheshimu kwa hilo. "Wengi wanapona," alisema. "Si wote."

Basi nikarudi nyumbani na maneno hayo mawili, nikakaa nayo mlangoni. Mwanaume ambaye ningemzalia hakuwepo.

Anaitwa Télesphore. Yeye ni mchuna maganda kwenye shamba la kinkina, ile miti ambayo ganda lake linatengenezewa dawa ya malaria. Wanagonga mti kwa nyundo ya ubao mpaka ganda linalegea, wanalichuna, wanalianika. Mikono yake ina rangi ya kutu mpaka kwenye viwiko, na hakuna sabuni inayoitoa. Siku ya kwanza alipokuja kwetu nilimuuliza kama amezika mtu kwa mikono, akacheka mpaka akakaa chini. Mwaka huohuo watu wake walileta ng'ombe wa kwanza, tukaanza kuhesabiwa kama mtu na mkewe mtarajiwa.

Na ni ganda hilohilo lililotutenganisha.

Kuna mtu hospitalini alimwambia mama kwamba wazungu wana dawa ya kutuliza moyo inayotoka kwenye kinkina. Haukuwa uongo. Lakini mama aliposikia kinkina, akasema, "Kumbe! Na mukwe wetu analala ndani yake!" Akamwomba Télesphore maganda. Télesphore akaleta. Mama akayachemsha kwenye sufuria nyeusi, akanipa kikombe pamoja na vidonge vya munganga.

Sasa, kwetu Bushi, mtu hakupi kinywaji bila kukionja mbele yako. Iwe kasiksi, pombe yetu ya ndizi, iwe chai, iwe maji ya mtungini, mwenye kutoa anapiga funda moja kwanza, uone kwamba hakuna sumu. Asipoonja, unasema umeshiba na unaaga. Mama alionja. Kila asubuhi alipiga funda, akakunja uso, akasema, "Iko uchungu, lakini haiue mutu." Na kweli haikumuua. Alikuwa anatoka hapo anaenda kulima. Ningeshuku nini?

Masikio yakaanza kunilia. Vitu vyeupe nikaviona vya njano, hata kanzu ya padri. Nikasema ni uchovu. Jumapili moja, wakati wa matoleo, watu wakicheza kwenda mbele na ndizi na mahindi, nikaona sakafu inanijia usoni. Nilizinduka hospitalini. Munganga aliponiuliza nilikuwa nakunywa nini, nilimwambia yote, akashika kichwa. Alisema kidonge chake na maganda yale havikai nyumba moja. Nikamwambia, lakini mama alikuwa anaonja. Akasema, "Mama yako ana moyo mzima, tena hamezi vidonge vyako. Angekunywa pipa lote, lisingekuambia kitu."

Tangu siku ile Télesphore sikumwona tena. Si hospitalini, si nyumbani. Nilipomuuliza mama, alijibu akiwa amenigeuzia mgongo, anachambua sombe, majani ya mihogo.

"Alikimbia. Banaume beko vile. Banapenda mutu muzima."

Usiku nilikuwa nageuza mto upande wa pili, unalowa na wenyewe. Mchana nilikuwa nashona gauni la safari na kumchukia. Kumchukia kulinisaidia. Mtu ukiwa mpweke, hata chuki ni mgeni wa kuzungumza naye.

"Hodi."

Sindano ilinichoma. Nilijua sauti ile kabla sijainua kichwa.

Alikuwa amesimama nje ya ua, kofia mkononi. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa linamning'inia. Alisimama upande upande, sikio la kulia mbele, kama kuku anayesikiliza mwewe. Moyo wangu, yule mtukutu, ulipiga mara mbili pamoja na ukapotea kidogo. Nikasubiri urudi. Ulirudi.

"Kama umekuja ju ya ng'ombe yenu," nilisema, "iko nyuma ya nyumba, inakula. Kamba uko nayo?"

"Unasema?"

"Nasema, kamba uko nayo?"

"Ado, sema kwa nguvu. Sisikie muzuri."

"Aa! Mimi mugonjwa wa moyo, na wewe umekuwa kiziwi? Tungeoana, jirani wangelipa kutuangalia."

Hakucheka. Alifungua kijimlango, akaingia, akachuchumaa mbali kidogo nami, mikono ile ya kutu kati ya magoti. Nilitamani kuishika. Nikajikasirikia.

"Ulikuwa wapi, Télesphore?"

"Nilikuwa nakuja."

"Wapi?"

"Hopitali. Kila siku kisha kazi. Maman alikuwa ananikuta ku mulango. Aliniambia haupendi kuniona. Aliniambia ukisikia jina yangu moyo inaruka, na munganga alikataza."

Niliweka nguo chini.

"Mama alisema vile?"

"Nilisema basi. Kama mimi njo ninaua mutu, nibakie mbali." Akameza mate. "Kisha nikaenda kuona munganga mwenyewe. Nikamuuliza, nini ilimuangusha? Akaniambia ni maganda. Maganda yangu, Ado! Mimi njo nilichuna. Tena nilichagua. Nilichukua ya mizizi, ju ya mizizi njo iko na nguvu kupita zingine. Nilisema mutu mwenye ninapenda siwezi kumuletea ya matawi."

"Haukujua."

"Sikuonja."

Alisema neno hilo pole pole, akitazama chini.

"Mama alionja," nilisema.

"Maman alionja ya kwake. Mimi njo nilileta, na mimi sikuonja. Basi nikarudi kwangu, nikachemsha. Nikakunywa asubuhi, vile ulikuwa unakunywa. Kesho yake tena. Na kesho yake."

"Télesphore!"

"Nilitaka kujua ni nini nilikupatia."

"Ukajua?"

"Nilijua." Akagusa sikio la kushoto. "Ilianza kulia hapa ndani, kama nyenje. Kisha nikaanguka ku kazi, yulu ya maganda yenyewe. Benzangu balinibeba. Nililala nyumbani siku mingi, njo maana hata ku barabara haukuniona. Munganga anasema itapita. Ya kuume imeanza kupona. Hii ingine bado inalia."

Nisikilizeni, nimelelewa vizuri, simtukani mtu mzima. Lakini siku ile nilimtukana. Nilimwita mjinga, nilimwita mbuzi, nilimuuliza kama kwao hakuna mtu wa kumfunga kamba. Nilikuwa nalia na kutukana pamoja, maana alikuwa amenivunjia kazi yangu yote. Siku zote zile nilikuwa nimejifunza kumchukia, nikaanza kuizoea chuki hiyo, na sasa ananijia na sikio lake bovu kuniambia kwamba alikuwa anakunywa uchungu wangu peke yake chumbani, kama mimi nilivyokuwa nalia peke yangu.

"Ungekufa," nilisema.

"Sikukufa."

"Ungekufa, na mimi ningebaki nakuita mwanaume mwenye alikimbia!"

Akasogea karibu. Zamani, tukipata nafasi ya kubaki wawili, alikuwa na mchezo wake. Ananiegemezea sikio mgongoni, kati ya mabega, anasikiliza moyo wangu, kisha ananisimulia anavyousikia. "Sasa unashuka mteremko wa Muhumba kwa mbio. Sasa umeona mbwa. Sasa umerudi kuchukua kiatu." Hakuna aliyewahi kuupenda moyo wangu mbaya isipokuwa yeye. Sasa aliuegemeza tena uso wake pale, juu ya nguo, sikio la kushoto, yale mazoea. Nikainama kidogo, asikilize vizuri.

"Unasikia nini?" nilimuuliza, kwa nguvu.

"Kelele yangu tu," alisema.

Alijaribu kugeuza sikio la kulia, nikamzuia. Nikachukua vidole vyake, nikaviweka kwenye kifundo cha mkono wangu, pale munganga anapopashika. Niliona midomo yake inafuata mapigo, inasita yanaposita.

"Kesho nampatia Masœur jibu," nilimwambia.

"Nilisikia. Njo maana nimekuja."

"Kwenu banasema nini?"

"Baba mudogo Barthélemy anasema tungoje. Ukirudi muzima, tutaendelea. Ukikufa, turudishiwe ng'ombe." Akatikisa kichwa. "Nilibaambia ng'ombe haitoke pale."

"Hata nikikufa?"

"Hata ukikufa. Itabakia kwa Maman. Nani atamupatia maziwa?"

Ilinibidi nitazame pembeni, kuelekea ziwani. Mtu akikwambia anakupenda unaweza kumbishia. Akikwambia maziwa ya mama yako, utajibu nini?

"Na nikibakia?" nilimuuliza. "Kama siende popote. Mutoto hatutapata. Mulima siwezi kupanda. Utanioa?"

"Hata leo."

"Basi niambie nibakie."

Akafumba macho.

"Télesphore, niambie. Neno moja tu. Sema bakia, na mimi kesho nitamwambia Masœur aende peke yake. Sitakulaumu hata siku moja."

Niliona anavyolitaka neno lile. Lilikuja mpaka mdomoni. Vidole vyake vilikuwa bado kwenye mkono wangu.

"Siwezi," alisema.

"Unataka niende nikafe kule?"

"Nataka urudi."

"Basi niambie niende!"

"Hata hiyo siwezi. Ado, nilishakupatia kitu moja chenye sikuonja. Nikikuambia bakia, ni kitu chenye sijaonja. Nikikuambia enda, ni vilevile. Si mimi njo mwenye kifua. Sitakuchagulia tena."

Niliuvuta mkono wangu nikaurudisha mapajani. Nilimchukia tena, kidogo, kwa jibu lile, na nilijua ni la haki. Siku zote zile nilikuwa nimedhani upweke wangu ni wa kumkosa yeye. Sasa alikuwa pale, nasikia harufu ya maganda kwenye shati lake, na upweke ulikuwa haujaondoka hata hatua moja.

Ndipo mama aliporudi kutoka shambani.

Mama yangu, Domitille, ni mwanamke wa mgongo ulionyooka. Anabeba kitunga cha mihogo kilima kizima bila kukishika. Alipofika kwenye ua na kuona nani amechuchumaa karibu yangu, alisimama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona kitunga kinayumba juu ya kichwa chake.

"Yambo, Maman," alisema Télesphore, akasimama kwa heshima.

Mama alishusha kitunga.

"Mama," nilisema, "ulimufukuza?"

Alianza kupanga mihogo, mmoja mmoja, kana kwamba ilikuwa imemuuliza kitu.

"Mama."

"Nilimufukuza," alisema.

"Ju ya nini? Niliomba kufa mule ndani nikizani amenitupa!"

Akakaa chini, kwenye udongo, miguu mbele, kama tunavyokaa kwenye matanga. "Ningefanya aje? Angeingia, angemwambia munganga nani alichemsha. Angesema ni Maman Domitille njo alimupikia mutoto wake sumu. Kwa mikono hii. Nilisema afazali yeye akuwe mubaya, kuliko mimi."

"Munganga alijua, Mama. Nilimwambia siku ya kwanza."

Aliinua macho. "Ulimwambia ni mimi?"

"Nilimwambia ni wewe, tena nilimwambia ulikuwa unaonja."

"Na wewe haukunichukia?"

"Sikuwa na nafasi. Nilikuwa namuchukia huyu."

Mama alicheka kwa pua, halafu kicheko kikageuka, akajifunika uso na kitambaa cha kichwa. Télesphore aligeuka, akatazama upande wa ng'ombe. Mimi niliinuka pole pole, nikaenda kukaa chini karibu naye, bega kwa bega. Hatukuwa tumekaa hivyo tangu matanga ya marehemu baba.

Alipojifuta uso alikuwa mama yuleyule wa siku zote. "Lakini hauende," alisema.

"Mama."

"Nasikiaka ile Masœur anasema. Iko muzuri, iko rahisi, balishafanyia batu mingi. Basi nionyeshe mutu moja! Hapa Kasha, Bagira muzima, Muhumba kule kwa batajiri, hata Shabunda ndani ya pori. Mutu moja wa kwetu mwenye balifungua kifua, balishika moyo yake na mikono, akarudi akapika bugali. Sitafute mingi. Moja tu. Nimuone na macho. Mutu mwenye alionja mbele yako."

Télesphore, ambaye hakusikia yote, alisikia neno la mwisho, akainamisha kichwa.

Mama alikuwa na haki. Hapakuwa na mtu. Maisha yangu yote kila kikombe kilikuwa kimepita mdomoni mwa mwingine kabla ya kunifikia. Uji niliupokea ukiwa umeonjwa. Kasiksi ya sherehe vilevile. Hata uchungu wa maganda, mama aliuonja asubuhi baada ya asubuhi kwa upendo, na Télesphore aliunywa baadaye kwa upendo. Na haikunisaidia kitu, maana kifua kilikuwa changu. Kikombe hiki cha sasa hakikuwa na wa kunionjea, na hata angekuwepo, funda lake lisingeniambia langu litakuwaje.

Niliutazama mlango wetu, kiti, mashine. Nikajiona nimekaa pale mwaka juu ya mwaka, nashona nguo za watoto wa wengine. Télesphore amekuja kuniona jioni, amezeeka, ananishika kama mtu anayeshika yai, anaogopa hata kunichekesha. Mama ananipikia bila chumvi. Wote wananipenda, na wote wanatembea kwa vidole. Niliogopa kufa, sitadanganya. Lakini maisha yale ya mlangoni niliona siyawezi.

"Nitaenda," nilisema.

Sauti ilitoka ndogo. Mama aligeuka kama amechomwa na mwiba.

"Amesema nini?" aliuliza Télesphore. Alikuwa ametazama midomo yangu, ameona kuna neno limepita. "Maman, Ado amesema nini?"

Mama alisokota ncha ya kitambaa chake.

"Maman, tafazali. Sikusikia."

Nilimngoja mama. Ningeweza kurudia mwenyewe kwa sauti, lakini sikurudia. Mama alinitazama muda mrefu, macho mekundu, kidevu kinacheza. Kisha akajiinua kutoka chini, akajikung'uta udongo, akaenda mpaka kwa Télesphore, akamshika shingo kama mtoto, akamwinamisha, na akamwambia kwenye sikio la kulia, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani:

"Anasema ataenda!"

Na baada ya kulisema hakuweza tena kulikataa.

Jumapili nilimpa Masœur jibu langu, na Jumatatu asubuhi gari la watawa lilisimama juu, barabarani, maana njia ya kwetu ni nyembamba. Télesphore alibeba sanduku langu. Mimi nilipanda kidogo, napumzika, napanda kidogo. Nilikuwa nimevaa lile gauni zito na jua lilikuwa linanichoma, lakini Masœur alisema kule kuna baridi, basi nikavumilia. Majirani walitoka. Safari hii walisimama. Mmoja aliniambia nikirudi nimshonee libaya, nikamwambia atafute kitambaa kabisa.

Masœur Séraphine alinifungulia mlango wa nyuma. Nilipokaa, mama alikuja dirishani na chupa, imefungwa kwa kitambaa safi.

"Ni mayi," alisema. "Ya ku njia. Nilichemsha." Kisha, haraka, "Ni mayi tu, Adolphine. Sikutia kitu."

"Najua, Mama."

"Hapana. Ngoja."

Akafungua chupa pale, mbele ya Masœur, mbele ya majirani, akapiga funda. Alilikalisha mdomoni kabla ya kulimeza. Alipotaka kunipa, Télesphore alinyoosha mkono wake wa kutu, akaichukua, akapiga funda na yeye. Ndipo akanipitishia dirishani. Nikanywa. Yalikuwa maji, bado yana uvuguvugu, na nilikunywa mengi ili nisiseme kitu.

Télesphore alishika kifundo cha mkono wangu kwa mara ya mwisho. "Sasa umeona mbwa," alisema polepole, vidole vyake vikisikiliza. Nikacheka, nikalia.

"Na ile ya kule?" mama aliuliza. Gari lilikuwa limeshawashwa, akalazimika kupaza sauti. "Ile ya kule, mutoto wangu, nani atakuonjea?"

"Hakuna, Mama. Ile ninaonja mimi."

Akashika dirisha.

"Kesho mutoto wa mutu hapa Kasha akiambiwa moyo yake inabana," nilimwambia, "na mama yake aulize nani wa kwetu alishaonja, mumulete kwetu. Nitakuwa pale ku mulango."

Gari likaondoka. Niliwatazama kwenye kioo cha nyuma mpaka kona, mmoja na kitambaa cha kichwa mkononi, mwingine amegeuza sikio la kulia upande wetu, anasikiliza gari. Halafu kona ikawachukua. Masœur alikuwa mbele, anasali kwa Kifaransa chini chini. Nyuma nilikuwa peke yangu na chupa.

Kabla hatujafika Kavumu, kwenye uwanja wa ndege, moyo wangu ukaruka, ukakimbia, ukajikwaa, ukanyamaza. Nikaweka mkono kifuani. Siku ile sikuugombeza. Na wenyewe ulikuwa unaogopa.